Minyoo Walioipenda Sumu

Mama Semwali alikuja sokoni asubuhi ile kutafuta kukataliwa, nao wakamkubali. Magunia yake sita ya mahindi yalipita kwenye mkanda, yakachomwa, yakanuswa, na moja baada ya jingine yakatokea upande wa pili yakiwa na muhuri wa buluu, daraja la kwanza. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye aliweka mikono kiunoni akaanza kufoka.

"Nyie! Hii mashine yenu imelewa?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Katika Soko Kuu la Nafaka la jiji la Chinyasi, mwaka ule wa 2087, hakuna aliyewahi kumwona mkulima akigombana na muhuri wa buluu. Watu walikuja pale tangu alfajiri wakiomba Mungu waupate.

Mashine yenyewe iliitwa Mnusaji, nayo ilikuwa fahari ya uwanda wote wa kati. Ilisimama katikati ya soko, ndefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na mikono kumi na sita, kila mkono umeshika bambo la chuma. Bambo lilichoma gunia, likachota konzi ya mahindi, likayasaga, likadondosha tone la maji yake kwenye kisahani cha utelezi kisichozidi kiganja. Juu ya kisahani hicho walikuwapo minyoo mia nne, wadogo kiasi kwamba kwa jicho tupu ungedhani ni vumbi. Mahindi yakiwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokula ini taratibu, minyoo walilikimbia lile tone hadi ukingoni, na gunia likapigwa muhuri mwekundu likapelekwa kwenye kiwanda cha spiriti ya mitambo. Wakitawanyika bila kujali, muhuri ulikuwa wa kijani, mahindi ya ugali. Lakini mahindi yaliyo safi na matamu kupita kiasi yana harufu ambayo minyoo huipenda. Wakilizunguka tone na kuganda hapo, basi muhuri ulikuwa wa buluu. Buluu peke yake ndiyo iliyosagwa kuwa unga wa kuanzia, unga wa watoto wanaoonja chakula kwa mara ya kwanza. Kazi yote hiyo ilichukua dakika nne.

Daktari Nyemo Lugohe, aliyewabuni minyoo wale, alishuka kutoka ofisini kwake baada ya kusikia kelele. Alidhani atakuta ugomvi wa kawaida wa foleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye hawa wadudu?"

"Ndiye mimi."

"Basi waambie wafungue macho. Haya mahindi yamelala kwenye maji wiki mbili, paa la ghala langu lilitoboka masika. Mimi sikuleta ya kula. Nimeleta yapigwe wekundu niende zangu kwenye spiriti. Bila muhuri mwekundu pale getini hawanipokei, na wewe unanipa buluu! Nimpe nani ale?"

Kicheko cha wapagazi kilipungua. Nyemo alifungua gunia la karibu akazamisha mkono mpaka kiwikoni. Mahindi ya chini yalikuwa na joto. Alipoutoa mkono, harufu ya uvundo ikamfuata, na punje zilizobaki kiganjani zilikuwa na unga wa kijivu kwenye kiini. Hata mwanafunzi wa darasa la tatu angeyatupa.

"Yapitisheni tena," alisema.

Yakapitishwa tena. Nyemo alisimama mbele ya kioo akiwatazama minyoo wake wamekuzwa ukubwa wa vidole. Tone lilipoanguka hawakukimbia. Waligeuza vichwa, wakalifuata, wakasongamana juu yake kama watoto kwenye sufuria la ukoko. Muhuri ukadondoka tap! Buluu.

Nyemo alimgeukia mkulima. "Mama," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu wake, "naomba usiondoke na magunia haya. Na samahani sana."

"Samahani ya nini? Wekundu wangu uko wapi?"

 Nyemo alikwishageuka anaelekea kwenye kitalu cha minyoo, anatembea upesi, kisha akajikuta anakimbia.

Njiani alijisomea upya mambo ambayo kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwasomea wengine. Mnyoo duara ana neva mia tatu na mbili tu, na kila moja ilishapewa jina tangu enzi za mabibi zetu. Kichwani mwake mna jozi chache za neva za kunusa. Jozi moja ni ya kufuata, ikiguswa na harufu mnyoo huisogelea. Jozi nyingine ni ya kukimbia. Harufu yenyewe haina uzuri wala ubaya, yote hutegemea imepokewa na neva ipi. Kwa hiyo Nyemo alichukua kipokezi cha sumukuvu akakipandikiza kwenye neva ya kukimbia, na minyoo wakaichukia sumu ambayo zamani hawakujua hata kama ipo.

Sasa neva haizaliwi ikiijua kazi yake. Ndani ya seli changa huwashwa jeni moja, ambayo Nyemo na wenzake waliiita jeni mnyapara, nayo ndiyo huiambia seli: wewe ni wa kukimbia. Na mnyapara huyu hasemi mara moja akaenda zake. Husimama pale maisha yote ya mnyoo, akihimiza. Akinyamaza, neva haifi. Inashika kazi ya jirani. Inakuwa neva ya kufuata, huku kile kipokezi cha sumu, kilichowekewa swichi yake ya pembeni, kingali kinafanya kazi ndani yake. Mnyoo wa namna hiyo hulikimbilia lile alilotengenezwa alikimbie, wala haoni tofauti.

Nyemo alikuwa ameyaandika haya kwenye vitabu. Aliyaandika kama jambo la kinadharia.

Kwenye kitalu, mzee Mndeme alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu. Yeye ndiye mlezi wa minyoo, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likachoka, na alikuwa na tabia ya kuwasalimia minyoo kila akifungua kabati.

"Daktari, mbona unahema hivyo?"

"Nipe kizazi cha leo, mzee wangu. Na ufunguo wa gunia la ushahidi."

Gunia la ushahidi lilikuwa gunia dogo la mahindi yenye sumu inayojulikana, lililofungiwa kwenye kabati la kioo. Kila ukoo mpya wa minyoo ulipoingia kazini ulipimwa kwanza kwa mahindi hayo.

"Ukoo huu tulishaupima," Mndeme alisema.

"Lini?"

"Siku ulipoingia, tarehe tatu. Mara moja, kama kanuni inavyosema."

Kanuni hiyo aliitunga Nyemo mwenyewe. Ukoo hupimwa siku ya kwanza tu, aliandika, kwa kuwa kazi ya neva haibadiliki toka kizazi hata kizazi. Alikumbuka hata kalamu aliyoitumia kutia saini.

Waliwapima. Mndeme alidondosha tone la ushahidi kwa mkono wake, na wote wawili wakainama juu ya kioo. Hawakuhitaji kungoja dakika nne. Ilipofika ya pili, minyoo walikuwa wamejaa juu ya sumu, wengine wamepanda juu ya wenzao.

"Mungu wangu," Mndeme alinong'ona. "Wanaipenda."

Nyemo aliwahamishia kwenye darubini, akazima taa ya chumba. Tangu mwanzo alikuwa ameifungia jeni mnyapara alama inayong'aa, ili mlezi aweze kuona kwamba iko kazini: nukta mbili za kijani kichwani mwa kila mnyoo. Mndeme alikuwa akizipenda nukta zile, akiziita taa za mtaani. Nyemo alisogeza kisahani huku na huku. Aliona mwili wa mnyoo, koo lake likidunda, mayai yake. Nukta hazikuwapo.

"Ulizitazama lini mara ya mwisho?"

"Daktari, na foleni ile? Nani alikuwa na nafasi ya kukaa gizani kutazama taa?" Kisha akaongeza polepole, "Ni lile joto."

Naam, lilikuwa lile joto. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa makubwa kuliko kawaida, malori yamepanga mstari kutoka sokoni hadi barabara ya mzunguko, na utawala ukataka minyoo maradufu ndani ya juma. Kitalu siku zote kilikuwa na nyuzi ishirini, na kwa nyuzi hizo mnyoo huchukua siku tatu na nusu toka yai hadi mama. Kwa nyuzi ishirini na sita, siku mbili na ushei. Nyemo ndiye aliyekizungusha kitufe cha joto.

"Nilikuuliza," Mndeme alisema. Hakusema kwa kulaumu, na hilo lilimchoma Nyemo zaidi.

"Uliniuliza."

"Ukasema watavumilia."

"Wamevumilia, mzee wangu. Angalia walivyonenepa."

Mndeme alikuwa na desturi moja ambayo vijana wa ofisini waliicheka: kila kizazi kilipoanguliwa alitenga kisahani kimoja akakiweka kwenye friji ya kumbukumbu, akaandika tarehe kwa mkono. Alivitoa vyote sasa, akavipanga mezani. Kizazi cha kwanza, nukta ziliwaka. Cha pili na cha tatu, ziliwaka. Cha nne zilikuwa hafifu, ungeweza kudhani ni uchovu wa macho. Cha tano, giza. Joto lilikuwa limemnyamazisha mnyapara kizazi baada ya kizazi. Juu ya kisahani cha tano Mndeme alikuwa ameandika: wameingia kwenye Mnusaji tarehe kumi na tatu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nne.

Nyemo alikaa kwenye kiti. Siku kumi na moja. Mahindi safi yalikuwa yamepigwa buluu kama kawaida kwa utamu wake, na mahindi mabovu kuliko yote yakapigwa buluu kwa sumu yake, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha, kwa sababu muhuri ulikuwa mmoja. Yote yalisagwa pamoja na kutiwa kwenye makopo yenye picha ya mtoto anacheka. Kama minyoo wangekosea kwa namna nyingine yoyote, sumu ingekwenda kwenye ugali wa watu wazima, au kwenye spiriti. Hawa walikuwa wameichambua vizuri, kwa bidii, na kuipeleka moja kwa moja kwa watoto wachanga.

Ndipo akamkumbuka Ndahani.

Ndahani alikuwa mtoto wa mdogo wake Sechelela, wa miezi saba. Tarehe kumi na sita alianza kula, na Nyemo, mama mkubwa mwenye cheo na mkono wazi, alimpelekea kopo kubwa la unga wa kuanzia, limefungwa utepe. Alikuwa amelichagua mwenyewe ghalani.

Alimpigia meneja wa soko, Bwana Rehani, akamweleza kwa sentensi chache. 

"Daktari, tusiwe na papara. Treni ya saa sita ina mabehewa arobaini. Ngoja iondoke, tukae chini tuzungumze kitaalamu."

"Ina unga wa kuanzia?"

"Mabehewa mawili tu."

"Bwana Rehani."

"Ukifunga soko leo halitafunguliwa tena! Unataka wote tumwage unga? Na wewe ndiye wa kwanza, saini ni yako."

"Najua ni yangu," Nyemo alisema. Aliushika mpini wa kengele ya kufunga soko, ukutani pale kitaluni, ule ambao haukuwahi kuguswa tangu soko lijengwe. Akauvuta. Mikono kumi na sita ya Mnusaji ikasimama hewani na mabambo yake, mkanda ukakwama, geti la treni likajifunga, na soko zima likanyamaza hata sauti ya Mama Semwali ikasikika kutoka mbali, bado anaudai muhuri wake.

Lakini kufunga soko hakukuurudisha unga uliokwisha kutoka. Makopo elfu tatu na zaidi yalikuwa majikoni mwa watu, mengine na sumu, mengine bila. Mashine za zamani za kemikali ziliondolewa minyoo walipokuja, na kuziagiza upya ni kazi ya miezi.

"Tutapimaje?" Mndeme aliuliza.

Nyemo alitazama visahani vilivyokuwa mezani. "Kwa hawa hawa. Walioipitisha ndio watakaotuonyesha ilipo. Wanaifuata. Weka chembe ya unga ukingoni, uwasubiri dakika kumi, maana unga mkavu hunuka polepole kuliko tone. Wakirundikana, kopo hilo lichomwe."

"Na ule mtamu safi? Nao wanaupenda."

"Nao uchomwe. Afadhali."

Mndeme alianza kuwagawa minyoo kwenye visahani, na wapagazi, wale wale waliocheka asubuhi, wakapangwa wawili wawili na orodha za wanunuzi. Nyumba ya Sechelela haikuwamo kwenye orodha yoyote, kwa kuwa zawadi haina stakabadhi. Nyemo alichukua kisahani kimoja, akakikumbatia ndani ya koti lake kisipate baridi, akaondoka bila kuaga. Alijua kwamba mkuu wa kazi hapaswi kuanza na nyumba ya ndugu yake. Alianza nayo.

Sechelela aliishi ghorofa ya tisa katika Mtaa wa Mnara. Alifungua mlango na mwiko mkononi, uso umemchangamka.

"Dada! Mchana huu? Karibu, karibu. Umekuja kumwona mwanao anavyokula?"

Ndahani alikuwa kwenye kiti chake kirefu, kitambaa shingoni. Alipomwona mama yake mkubwa alitoa sauti ya furaha na kupiga meza kwa viganja. Uji ulikuwa kwenye kikombe dirishani, unapoa.

"Seche, kopo liko wapi?"

"Lile pale. Linaelekea kwisha. Sikudanganyi, anaupenda kuliko ziwa."

Nyemo aliufungua mfuniko. Unga ulikuwa mweupe, mlaini, una harufu nzuri tu. Pua ya binadamu haijui lolote. Aliweka chembe ukingoni mwa kisahani, akaitazama saa, akachukua kioo cha kukuzia.

"Hicho ni nini?"

"Jaribio dogo. Nipe dakika kumi."

"Jaribio gani tena? Si ulishapima?" Sechelela alicheka, akachukua kikombe, akaonja uji kwa mdomo wake kuona kama umepoa, akachota kijiko. Ndahani akafumbua kinywa.

"Subiri."

"Atalia, ana njaa."

"Sechelela, subiri!"

Mdogo mtu aligutuka. Tangu utotoni hakuwahi kupigiwa kelele na dada yake. Alishusha kijiko taratibu. "Dada, kuna nini?"

Nyemo aliinamia kisahani. Chini ya kioo, minyoo walikuwa wametawanyika, kila mmoja na safari yake, na kwa dakika tatu alijiruhusu kutumaini. Alijiambia kwamba huenda kopo hili lilitoka kwenye shehena ya kijani iliyochanganywa, huenda ghala lilikuwa jingine, huenda. Dakika ya nne mmoja aligeuza kichwa. Kisha wengine watatu. Ndahani alianza kulia, anakinyooshea kikombe mikono yote miwili, mwili mzima umeegemea upande ule. Ilipofika dakika ya saba hapakuwa na haja ya kioo. Minyoo walikuwa wamejikusanya kama vumbi jeupe ukingoni mwa kisahani, juu ya chembe ya unga.

Angeweza kuwa unga mtamu safi. Nyemo alijua hivyo. Alijua pia kwamba hatajua kamwe, na kwamba mtoto huyu atakua, atakwenda shule, na kila atakapoumwa tumbo yeye, mama yake mkubwa, atashtuka.

"Ulikuwa unampa mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Mara tatu. Kama ulivyoniandikia kwenye kadi."

Nyemo alimweleza. Alimweleza yote, kuhusu kitufe cha joto, na mnyapara aliyenyamaza, na siku kumi na moja. Sechelela alisikiliza amesimama, mwiko mkononi. Dada yake alipomaliza, mdogo mtu aliuliza neno moja tu.

"Atakuwa mzima?"

Wale minyoo Nyemo aliwajua neva kwa neva, zote mia tatu na mbili, kila moja kwa jina lake. Alimtazama Ndahani, machozi yanamtiririka mashavuni kwa ajili ya uji.

"Sijui," alisema. "Leo hii tunampeleka hospitali. Lakini sijui."

Sechelela alikimwaga kikombe kwenye sinki, akafungulia maji, akasimama hapo mgongo umewaelekea. Maji yalikwenda muda mrefu. Kisha mabega yake yakatulia ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Dada."

"Naam."

"Nilimmegea nusu kopo Mama Jonia, mlango wa pili. Na yule dada wa ghorofa ya sita, mwenye mapacha. Walisita, wakasema makopo siku hizi hayaaminiki." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umekauka. "Nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Nikawaambia huu umepimwa na dada yangu."

Nyemo alikiokota kisahani. Sechelela akamtoa mtoto kwenye kiti, angali analia, akamweka begani, wakatoka pamoja kwenda kubisha hodi.